Mgeni, mzawa na karatasi: maswali yenu

*Nalipia kibali cha kazi kila kinapokwisha. Jirani yangu hana hata karatasi moja, na tunauza bidhaa zilezile. Hii ni haki? (Mfanyabiashara mgeni, Bamburi)*

Ndugu yangu, malalamiko yako yana msingi. Anayefuata sheria asifanywe mjinga. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 inaruhusu asiye na kibali atozwe faini ya hadi shilingi 500,000 au afungwe hadi miaka 3. Ila kabla hujamripoti, uliza amekosaje karatasi. Aliyevuka mpaka juzi kwa kificho na aliyezaliwa hapa akanyimwa kitambulisho hukamatwa kwenye msako mmoja. Mimi sikubali kwamba kosa lao ni moja.

*Babu alikuja kwa dau kutoka Pemba. Mama kazaliwa huku Pwani, na mimi pia. Askari kaniita mhamiaji haramu. Nimjibu nini? (Mvuvi, Likoni)*

Kaka, wewe hukuhamia popote. Serikali yenyewe iliwatambua Wapemba kuwa raia mwaka 2023, kama ilivyowatambua Wamakonde baada ya kufunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, Oktoba 2016. Wenye vitambulisho hawajui adha hii. Huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, sembuse kufungua akaunti benki. Unakesha baharini, asubuhi changu na tasi wanapimwa kwenye mizani mbele yako, halafu pesa zinatumwa kwa simu ya shemeji, nawe ukamwombe. Mtu mzima aombe jasho lake mwenyewe! Hilo linaniuma kuliko hata hayo matusi ya askari.

Nenda ofisi ya usajili wa watu na chochote ulicho nacho: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, barua ya shule. Fuatana na wazee wanaomjua mama yako. Dalali usimpe hata ndururu.

*Mtoto wa mpangaji wangu hana cheti, na wazazi wake ni wageni wasio na kibali. Ana haki ya kusoma? (Mama mwenye nyumba, Kisauni)*

Anayo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtoto, hakikusema mtoto wa Mkenya.

*Binti yangu aliingia Saudia kwa visa halali. Alinyimwa mshahara, akatoroka. Sasa naye anaitwa haramu. Amekosa nini? (Mzazi, Majengo)*

Mama, pole sana. Huko kuna utaratibu wa kafala: ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri wake, na akimkimbia, mwajiri humripoti kuwa mtoro. Mageuzi ya 2021 yaliyolegeza masharti hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Kwa hiyo aliyedhulumiwa ndiye anayesakwa. Awasiliane na ubalozi wetu Riyadh kabla hajakamatwa, aombe hati ya dharura ya kusafiria ikiwa paspoti imezuiwa. Wewe huku tafuta nakala ya mkataba wake, umbane wakala aliyempeleka.