Mechi ya mwisho ya Tanahashi, na kwa nini usianze na Okada dhidi ya Omega

Mkuu uliyeuliza mieleka ya Japani ina utamu gani wakati matokeo yanapangwa, ukaongeza kwamba mechi ya wanamieleka Okada na Omega ilikupa usingizi: sikulaumu, hata mimi nililala. Ile ya Januari 4, 2017 ina dakika 46 na sekunde 45. Mwandishi wa mieleka Dave Meltzer akaipa nyota 6 kwenye mizani inayoishia 5, basi tangu hapo kila mgeni anaambiwa aanzie hapo. Ni sawa na kumfundisha mtu taarabu kwa kumkesheza kwenye harusi ya watu asiowajua.

Mimi nimekulia kwenye kanda za mjomba za WWF, mieleka ya Kimarekani. Jamaa anaingia, anatukana kwenye maiki, anakula kiti cha mgongo, kwisha. Kwa Wajapani kilichonishangaza kwanza ni ukimya. Dakika za mwanzo ukumbi umetulia kama msibani, nikadhani watu wamechoka. Kumbe wanatazama. Mtu akitupwa nje, mwamuzi wa New Japan, kampuni yao kubwa ya mieleka, anahesabu hadi 20, si 10, kwa hiyo hata kutambaa kurudi ulingoni ni sehemu ya hadithi.

Sasa, kupangwa. Ndiyo, matokeo yanapangwa. Lakini fuatilia Okada na hasimu wake Tanahashi, nyota wa New Japan, uone kinachofanyika ndani ya huo mpango. Februari 2012 Tanahashi ndiye mfalme, ametoka kuutetea mkanda wa IWGP, ubingwa mkuu wa New Japan, mara 11, rekodi ya wakati ule. Okada ana miaka 24, amerudi juzi tu kutoka Marekani, watu wanamcheka. Akamlaza Tanahashi kule Osaka, akachukua mkanda. Silaha yake ni Rainmaker: anakushika mkono akiwa nyuma yako, anakuzungusha umtazame, kisha anakuvuta kwa nguvu ukutane na mkono wake mwingine shingoni. Januari 2015, Tokyo Dome, Tanahashi akalipa kisasi na Okada akaondoka analia njia nzima. Mwaka uliofuata, ukumbi uleule, Okada akashinda.

Ndiyo maana Januari 4 mwaka 2026, Tanahashi alipostaafu, hakuhitajika mpinzani mwingine. Okada alishahamia AEW, kampuni ya Marekani, tangu 2024, lakini akaja. Tokyo Dome ikajaa, watu zaidi ya 46,000. Ilikuwa Jumapili; Tokyo wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo mimi nilitazama mchana kwenye simu, bando likiyeyuka. Mke wangu akapita nyuma ya kochi: "Huyo mwenye nywele si ndiye anayeagwa? Mbona wanampiga hivyo?" Sikuwa na jibu la haraka. Ukiijua ile miaka 14 iliyotangulia, kipigo kile ndiyo heshima yenyewe.

Mimi macho yangu yalikuwa magotini. Tanahashi alikuwa na miaka 49, na yale magoti yamelipia kila alipojirusha kutoka kamba ya juu tangu 1999. Akikimbia unaona kabisa mguu unabishana naye. Okada akamlaza. Na kumbuka Tanahashi ndiye rais wa New Japan tangu Desemba 2023, yaani bosi kaagwa kwa kipigo kwenye shughuli yake mwenyewe. Siku ileile Yota Tsuji alimnyang'anya Takeshita mkanda wa dunia. Mechi nzuri tu, ila nakiri niliitazama nikisubiri nyingine.

Sitetei kila kitu chao. Kundi la House of Torture linanichosha: kila mechi mwamuzi anaanguka, wenzao wanavamia ulingo, kile kifaa kilichofichwa kinatoka. Mara moja inachekesha, mara ya arobaini unazima simu. Na baadhi ya vijana wao wanadhani mechi ikiwa ndefu ndiyo imekuwa kubwa.

Kwa hiyo mkuu, anza na 2012, nenda 2015, kisha 2016, ndipo uje 2026. Omega mwache kwanza. Ukifika ya 2016, dakika za mwisho tazama mkono wa Okada tu: anachapwa makofi ya uso lakini kiganja cha Tanahashi hakiachii. Halafu rudi hapa tubishane kama ulisinzia.