Kesi ya trafiki haitakulipa

SWALI: Wakili, salaam. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aligongwa na lori akiwa kwa baiskeli karibu na Mariakani, sasa ni miaka miwili na miezi minne. Dereva alishtakiwa lakini kila tukienda kortini kesi inaahirishwa. Kuna bwana alitupata mochari, akachukua abstrakti ya polisi (hati ya ripoti ya ajali) na cheti cha kifo, akasema tungoje dereva afungwe ndipo fidia itoke, naye atakata asilimia 40. Mwenye lori alitoa shilingi 80,000 za mazishi, shemeji akatia sahihi karatasi. Je, haki yangu imekwisha? – Mjane, Mariakani

JIBU: Pole sana, dada. Haijaisha. Imebaki miezi minane, na hiyo mingine ameila huyo bwana wa mochari.

Nalisema hili kila mwezi na sichoki, ingawa nakasirika: kesi ya trafiki si kesi yako. Ile ni ya Jamhuri na dereva. Akitozwa faini, pesa zinaingia serikalini. Akifungwa, atakula ugali wa jela na watoto wako watalala vilevile. Fidia yako iko kwenye kesi ya madai, unayoifungua wewe dhidi ya dereva na mwenye lori, na kesi hiyo haingoji nyingine yoyote. Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, inakupa miaka 3 tangu siku mumeo alipofariki, si tangu dereva ahukumiwe. Muda huongezwa kwa nadra, kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua mambo ya msingi ya kesi yake. "Nilikuwa nangoja trafiki" haimo.

Na dereva akiachiliwa je? Bado unaweza kushinda. Kule mashtaka yathibitishwe pasipo shaka. Huku inatosha mizani iegemee upande wako. Nimeona dereva akiachiliwa kwa sababu mpelelezi alihamishwa na hakurudi kutoa ushahidi, na familia ikalipwa. Nimeona pia dereva aliyetiwa hatiani, lakini wakili wa bima akasimama kudai kwamba marehemu hakuwa na taa kwenye baiskeli, naye abebe sehemu ya lawama. Kwa hiyo hata hukumu mnayoingoja kwa hamu hivyo haifungi mjadala.

Wiki hii nenda kortini uombe barua ya usimamizi wa mirathi ya kufungulia kesi tu. Huhitaji kungoja mirathi yote ikamilike. Usiruke hatua hii. Madai ya maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho, na ya hasara ya mali yake, yako chini ya sheria nyingine, Sura ya 26 (Law Reform Act), na ni ya msimamizi, yaani mwenye barua hiyo. Ukiyafungua kabla ya barua, hayapo, na barua ya baadaye haiyafufui. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo mwaka 1993. Madai ya wategemezi chini ya Sura ya 32 yamelegezwa kidogo: ikipita miezi 6 bila msimamizi kushtaki, wategemezi wanaweza kushtaki wenyewe. Wewe umeshaipita. Lakini kwa nini uache nusu ya haki yako mlangoni?

Shemeji hakuwa na barua hiyo. Tena ndugu wa marehemu hamo katika orodha ya Sura ya 32, ambayo ni mke, mume, wazazi na watoto. Kwa hiyo karatasi aliyoitia sahihi haikufungi: hawezi kuuza kisicho chake. Zile 80,000 zitatajwa, huenda zikakatwa kwenye hesabu, basi.

Fundi hana hati ya mshahara, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Hakimu huchukua mapato ya mwezi, huyazidisha kwa 12, kisha kwa miaka ambayo angefanya kazi, kisha kwa sehemu aliyoitumia nyumbani, ambayo kwa mwenye mke na watoto mara nyingi ni theluthi mbili. Usipoonyesha mapato, wengi huangukia mshahara wa chini wa serikali. Tafuta taarifa za M-Pesa za simu yake, risiti za vyuma, na wateja wawili watatu waliomlipa.

Abstrakti nayo irudi mkononi mwako, au uombe nakala kituoni, kwa kuwa ndiyo yenye jina la kampuni ya bima na namba ya cheti cha bima. Bima lazima ipewe notisi kabla ya kesi au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa, na sheria inailazimu kulipa hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, mdai mwenye lori.

Sasa hiyo asilimia 40. Sheria ya Mawakili inabatilisha hata mapatano ya wakili halisi anayetaka alipwe endapo tu kesi itashinda. Je, mtu asiye wakili kabisa? Hawa husimama mochari na wodi za majeruhi, hukusanya makaratasi ya watu kumi, huyauza kwa anayeyataka, na wenye maiti hupata habari muda ukishapita. Jina la wakili yeyote utalikagua kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya, kama ana cheti cha uwakili cha mwaka huu. Bwana akikwambia wakili wake yuko Nairobi na huna haja ya kumwona, dai makaratasi yako hapohapo, na akikataa, pitia kituo cha polisi.