HIF-1α hupotea kabla hujafika mezani

HIF-1α ni protini inayojikusanya seli ikikosa oksijeni, na hupimwa kwa western blot, ambapo kingamwili huionyesha kama ukanda. Ukanda huo ukitoka hafifu, wa kwanza kulaumiwa huwa kingamwili. Mara nyingi sampuli iliharibika mapema zaidi, njiani kati ya chemba ya oksijeni 1% na meza ya maabara.

Seli za saratani ya utumbo mpana, ziwe HCT116 au HT-29, hutengeneza HIF-1α muda wote. Oksijeni ikiwapo, vimeng'enya vya PHD huitia alama, protini ya VHL huidaka, proteasomu (mashine ya seli ya kusaga protini) huisaga. Hewa ya kawaida ikirudi, nusu yake hupotea katika takriban dakika 5. Ukitoa sahani sita kwa mpigo na kuziosha moja baada ya nyingine, ile ya sita inakupa majibu ya hewa ya chumbani.

Toa sahani moja tu. Iweke juu ya barafu, mwaga midia (kimiminika cha kulishia seli), suuza kwa PBS baridi (maji ya chumvi), kisha mimina papo hapo bafa yenye SDS 2% (sabuni ya kupasua seli), mikrolita 150 kwa kila kisima cha sahani ya visima 6. Chemsha kwa 95°C dakika 5. Itavutika kama mlenda. Hiyo ni DNA, ipitishe mara 10 kwenye sindano ya geji 25. Pima kiasi cha protini kwa kipimo cha rangi cha BCA kabla ya kutia DTT (kemikali ya kukata vifungo vya salfa), kwa kuwa DTT huvuruga BCA. Bradford, kipimo kingine cha protini, nayo haipatani na SDS.

Midia nayo hudanganya. Iliyotoka friji imejaa oksijeni, na huchukua saa kadhaa kuipoteza. Ilaze chembani usiku kucha, uibadilishe humo humo. Seli zikisongamana kupita kiasi, hunywa oksijeni kuliko inavyopenya kwenye midia, na HIF-1α huonekana hata kwenye sahani za ulinganisho zilizokaa inkubeta ya kawaida. Anza jaribio zikiwa zimefunika 60–70% ya kisima.

Kwa HIF-1α, saa 4 hadi 6 zinatosha. Protini za CA9 na GLUT1 zisubiri saa 24, maana jeni zao huamshwa na HIF yenyewe. Usishangae CA9 ikipanda huku HIF-1α ikishuka.

Tafuta ukanda karibu na uzito wa kDa 120, ingawa hesabu ya asidi amino inatoa takriban 93. Weka kisima cha kloridi ya kobalti, mikromola 100, ambayo huilinda HIF-1α isisagwe hata penye oksijeni: kisipotoa ukanda, hapo sasa ilaumu kingamwili. GAPDH, protini inayotumiwa sana kulinganishia, isiwe kipimo cha usawa wa sampuli, kwani uhaba wa oksijeni huipandisha. Tumia tubulini, au paka rangi ya Ponceau, inayoonyesha protini zote, kwenye utando mzima wa blot.

Kwa uvimbe uliotolewa kwa upasuaji, andika dakika tangu mishipa ifungwe hadi kipande kiingie formalini. Katika muda huo tishu haina damu, na HIF-1α inaweza kupanda kwa sababu ya upasuaji tu. CA9 hubadilika polepole zaidi, kwa hiyo huakisi vizuri hali iliyokuwamo mwilini.