Ukilinganisha kwa Kiingereza, jiulize: nini na nini?

Wanafunzi wengi ninaowafundisha Kiingereza hapa Bukavu wanadhani ugumu wa kulinganisha uko kwenye "bigger" na "more beautiful". Hapo hapana shida kubwa. Neno fupi huongezewa "-er" mwishoni, neno refu hutanguliwa na "more", na viwili hivyo havikai pamoja; "more bigger" haipo. Sisi tuliosomea Kifaransa tunavutwa na "plus" yake, ndiyo maana utasikia mtu anasema "more good". Lakini hata Kifaransa hakisemi "plus bon", kinasema "meilleur", nawe shika "better" vivyo hivyo. Mazoezi kidogo tu yanamaliza jambo hilo.

Kosa linaloniumiza kichwa ni jingine, na wenye diploma zao wanalo pia. Dada mmoja wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, aliniletea barua ya kuomba kazi kwenye shirika, niipitie kabla hajaipeleka. Ndani yake aliandika: "My experience is longer than the other candidates." Nikapiga mstari chini ya "my experience", na mwingine chini ya "the other candidates".

"Mwalimu, kwani 'longer' si sawa?"

"Longer" ilikuwa sawa kabisa. Nikamwomba aniambie maneno yale yale kwa Kiswahili. Akajibu papo hapo: "Uzoefu wangu ni wa muda mrefu kupita wa wengine." Hiyo "wa" ya pili, iliyomtoka mdomoni bila kuifikiria, ndiyo iliyokosekana kwenye Kiingereza chake. Alichoandika ni kwamba uzoefu wake ni mrefu kuliko watu. Sahihi ni "longer than that of the other candidates". (Mimi ningeifuta sentensi nzima. Hao wengine humjui hata mmoja. Taja miaka uliyofanya kazi na ulichokifanya, mwajiri atalinganisha mwenyewe.)

Kwa hiyo kabla ya kuandika "than", isikilize sentensi yako kwa Kiswahili. Ukisikia "kuliko ya", "kuliko wa", "kuliko za", ujue Kiingereza nacho kinadai kitu mahali hapo: "that of" kwa kitu kimoja, "those of" kwa vingi. Kifaransa nacho kina "celui de" na "celles de". Lugha mbili unazozijua tayari zinakukumbusha, usizinyamazishe.

Chukua maziwa yetu. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, Kivu karibu 480. Anayeandika "The depth of Lake Tanganyika is greater than Lake Kivu" amepima kina kwa ziwa zima. Anaweza kuandika "greater than that of Lake Kivu", ni sahihi. Ila mimi napenda njia fupi: linganisha maziwa yenyewe, "Lake Tanganyika is deeper than Lake Kivu", na tatizo linatoweka. Mara nyingi sentensi ikikulemea namna hii, dawa ni kupunguza maneno.

Mahali napo pana utaratibu wake. Tuseme sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ni wa bei rahisi Kadutu kuliko Nyawera, mtaa mwingine wa Bukavu. "The price of sambaza in Kadutu is lower than Nyawera" ni kosa, maana Nyawera si bei. Rudisha "in" tu: "lower than in Nyawera". Inatosha.

Halafu kuna neno dogo "other". Kahuzi, wenye mita 3,308, ndio mlima mrefu kuliko yote katika hifadhi ya Kahuzi-Biega. Ukiandika "Kahuzi is higher than any mountain in the park", umeuingiza Kahuzi wenyewe katika hesabu, kana kwamba mlima huo umejizidi wenyewe. Andika "any other mountain in the park". Ukiulinganisha na milima ya nje ya hifadhi hiyo, "other" haihitajiki, kwa sababu Kahuzi haumo katika kundi hilo.

La mwisho ni la watu. "I trust you more than Bahati." Nani anamwamini nani? Huenda nakuamini wewe kuliko ninavyomwamini Bahati. Huenda nakuamini kuliko Bahati anavyokuamini. Kiswahili kina "ninavyo" na "anavyo" za kutenganisha hayo mawili. Kwa Kiingereza kamilisha kitendo: "more than I trust Bahati", au "more than Bahati does". Ukisema ana kwa ana, sauti na uso vitakusaidia. Ukiandika ujumbe, Bahati mwenyewe anaweza kuusoma, kwa hiyo ongeza neno hilo moja au mawili kabla hujautuma.