Muda hausimami kwenye sifuri kabisa, nawaambia kwa mtungi wangu wa naitrojeni

Mkuu umeuliza kama kitu kikipozwa mpaka sifuri kabisa, yani nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya kawaida, chembe zikatulia zote, je na muda nao unasimama? Mi ni mhimilishaji wa ng'ombe, yani napandikiza mbegu za dume kwa mrija bila dume kuwepo, mwaka wa kumi na moja sasa, nashinda na mtungi wa naitrojeni iliyopozwa ikawa maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na swali lako nimetembea nalo sana kwenye pikipiki.

Mle ndani kuna mirija ya mbegu za madume ambayo mengine yalishakufa zamani. Natoa mrija, nautumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu nyuzi 35 hivi, nusu dakika tu, tone lake ukiliweka kwenye hadubini unaona mbegu zinaogelea kama zimevunwa leo asubuhi. Hapo lazima useme muda ulisimama! Ila sasa chukua kijiti cha kupimia, kishushe mpaka chini ya mtungi, kitoe ukipunge hewani, barafu nyeupe inajichora mpaka pale naitrojeni ilipofika, na kila wiki huo mstari unashuka. Kwahiyo kilichosimama ni kemia ya mbegu, muda wenyewe unakwenda tu.

Na hata ungeshuka mpaka sifuri kabisa, ambako hakuna aliyewahi kufika, chembe hazitulii kabisa. Fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomu, hairuhusu chembe ikae mahali pamoja hasa na mwendo wake uwe sifuri hapohapo, so kunabaki mtikisiko ambao huwezi kuuondoa kwa baridi yoyote. Angalia gesi ya heliamu, mwanafizikia Kamerlingh Onnes aliigeuza maji pale Leiden, Uholanzi, mwaka 1908, na kwa sababu ya mtikisiko huo ukiipoza vyovyote haigandi mpaka uibane kama mara 25 ya mgandamizo wa hewa hii tunayovuta. Mi hili ndo lilinikosesha usingizi.

Halafu sekunde yenyewe inahesabiwa kwa atomu ya seziamu, mitetemo 9,192,631,770, na mwaka 1997 wataalamu wa vipimo walifafanua kwamba ni atomu iliyotulia kwenye kelvini 0, yani hiyohiyo sifuri kabisa. Saa nzuri za seziamu zinapoza atomu kwa leza mpaka kama sehemu moja ya milioni ya kelvini, zinarushwa juu taratibu zinarudi chini, na njia nzima zinahesabu.