Kufowadi barua pepe: mpe mtumiaji usukani, usimpe injini

Swali: Fundi, nasimamia seva ya barua pepe ya chuo. Kila muhula walimu wananipangia foleni niwafowadie barua zao kwenda Gmail. Nikiwafungulia SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa amri) wajiandikie faili la .forward, kuna ubaya?

Jibu: Upo. Faili lile halipokei anwani tu. Mstari ukianza na alama ya |, seva inaendesha programu iliyotajwa hapo kwa haki za mwenye faili. Ndiyo maana Sendmail, programu ya kusafirisha barua, hulikataa faili ambalo kila mtu anaweza kuliandika.

Tumia Sieve, lugha ya kupanga barua ambayo kwa asili yake haina uwezo wa kuita programu za nje. Kama seva yako inatumia programu ya Dovecot, weka Pigeonhole (nyongeza yake ya Sieve), washa ManageSieve (njia ya mtumiaji kuhariri kanuni zake akiwa mbali) kwenye poti 4190 na ulazimishe TLS (usimbaji wa mawasiliano), kisha washa plagini ya managesieve ndani ya Roundcube, ukurasa wa kusomea barua kwenye kivinjari. Mwalimu anaingia kwa nenosiri lake lile lile, anajaza anwani, anahifadhi. Kinachoandikwa nyuma ya pazia ni hiki tu:

require ["copy"];
redirect :copy "anwani@mfano.org";

Hilo neno :copy usiliache, ndilo linalobakiza nakala chuoni.

Swali: Kijana wetu ametengeneza ukurasa wa wavuti wa PHP unaobadilisha mafaili ya .forward kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa seva. Unafanya kazi vizuri. Tuuache?

Jibu: Uzimeni leo. Fomu ya wavuti yenye mamlaka ya root ikikosea kuchuja herufi moja, seva nzima imekwenda. Anwani zikae kwenye hifadhidata, Postfix (programu ya kusafirisha barua) izisome kupitia mpangilio wa virtual_alias_maps, na ukurasa uruhusiwe kugusa jedwali hilo tu. Halafu jina la mtumiaji litoke kwa aliyeingia, lisitoke kwenye fomu. Mnisamehe, lakini hili la mwisho nimelikuta mara nyingi mno: unabadilisha jina kwenye fomu, unafowadi barua za mkuu wa chuo.

Swali: Mhasibu wetu alidukuliwa. Tulibadilisha nenosiri, lakini wateja bado wanapata ankara za uongo zenye maelezo ya kweli.

Jibu: Fungua mipangilio yake ya kufowadi na kila kanuni ya kuchuja barua. Nenosiri jipya haliifuti kanuni ya zamani, na wezi hupenda kanuni inayokamata neno kama "malipo" tu, ili mwenyewe asishtuke. Futa, kisha ondoa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyoingia.

Kuanzia sasa, anayebadilisha anwani aombwe nenosiri upya, na anwani mpya ithibitishwe kwa msimbo kama Gmail inavyofanya. Taarifa ya mabadiliko iende pia kwa SMS, maana mwizi aliye ndani ya kikasha ataifuta ile ya barua pepe. Microsoft 365 yenyewe huzuia kufowadi nje kiotomatiki mpaka msimamizi aruhusu.

Swali: Barua tunazofowadi zinaishia kwenye folda ya barua taka (spam).

Jibu: SPF, ukaguzi wa seva zinazoruhusiwa kutuma barua za mtumaji fulani, inaona seva yenu haimo kwenye orodha ya mtumaji wa awali. Wekeni SRS, inayoandika upya anwani ya mtumaji ili ukaguzi huo upite, na msiguse mwili wa barua, kwani saini ya DKIM, inayothibitisha kuwa barua haijabadilishwa, itavunjika.