Konokono wa msitu wa kelpu: nani anakaa wapi

Ndugu, umeuliza kama konokono wa baharini wametapakaa ovyo tu kwenye kelpu, ule mwani mkubwa wa bahari za baridi. Hapana, kila aina ina mtaa wake. Chukua Ghuba ya Monterey, California: Tegula brunnea, mwenye gamba la hudhurungi, hujaa kwenye kina kifupi karibu na ufuko, ilhali Tegula pulligo na Tegula montereyi huonekana zaidi kwenye kina kirefu.

Chakula kina sehemu yake, lakini kwangu mimi jambo kubwa ni adui. Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hutambaa chini mwambani. Konokono akihisi harufu yake tu majini, hugeuka na kupanda shina la kelpu, na huko juu si rahisi kumfikia. Ila fisi-maji wa baharini naye huja kuwachuma kwenye kelpu kama matunda.

Ukitaka kuwahesabu konokono hawa, usiishie kwenye majani ya juu; shuka hadi kwenye vile vishikizo vinavyofanana na mizizi. Na baada ya dhoruba hesabu upya, maana mawimbi huwaangusha wengi chini, nao huanza kupanda tena.